Pedi Haiigeuzi Simu Kuwa Konsoli

Swali ninaloulizwa mara kwa mara kwenye meza yangu ya ufundi wa simu ni kama mtu mwenye simu nzuri, akishanunua pedi, yaani kifaa cha vitufe vya kuchezea gemu, ya kuibana pande mbili, ana haja tena ya konsoli (mashine maalumu ya gemu) kama PlayStation. Kwa upande wa vidole, tofauti imebaki ndogo sana. Tangu iOS 13, mfumo wa iPhone wa mwaka 2019, simu hiyo inapokea pedi ya PlayStation 4 na ya Xbox kwa Bluetooth bila hila yoyote. Nguvu ya chipu nayo imepanda: mwaka 2023 Resident Evil Village, gemu ya konsoli, ilitolewa kwa iPhone 15 Pro ikiendeshwa na chipu ya simu yenyewe, si kwa kurushwa kwa intaneti kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali.

Kinachoiangusha simu ni joto. PlayStation 5 ya kwanza ina feni yenye kipenyo cha milimita 120, na gemu nzito huifanya itumie takribani wati 200 za umeme, ambao karibu wote hugeuka joto linalosukumwa nje saa nzima bila mashine kulegea. Simu nyingi hazina feni. Huhimili wati chache tu kwa muda mrefu, na zikizidi, mfumo wake hupunguza kasi ya chipu ili kuilinda betri. Cheza gemu nzito kama Genshin Impact kwa nusu saa, kisha gusa mgongo wa simu karibu na kamera: utakuta pamechemka, kioo kimefifia chenyewe, na picha iliyokuwa ikiteleza sasa inakwamakwama unapogeuka. Pedi haiwezi kuondoa hata tone la joto hilo.

Nintendo Switch ya mwaka 2017 inalithibitisha hili vizuri. Chipu yake, Tegra X1 ya Nvidia, ni ya jamii ya vifaa vya mkononi, na simu ghali za leo zimeiacha mbali. Lakini Nintendo waliiwekea feni ndogo na tundu la hewa juu, wakaiendesha chini ya kasi yake ya juu kabisa, hivyo mtengenezaji wa gemu anajua mashine itampa nini dakika ya kwanza na ya tisini. Anajua pia kwamba kila mnunuzi ana vitufe. Kwenye simu hawezi kudhani hivyo, kwa hiyo hupanga gemu kwa ajili ya kugusa kioo kwanza. Gemu ya vita ya simu, Call of Duty: Mobile, ilipoanza kukubali pedi, Novemba 2019, wenye pedi walipangiwa wapinzani wenye pedi wenzao.

Kwa hiyo, kwa gemu ndefu na nzito, ushauri wangu ni konsoli, hata iliyotumika. Kama pedi umeshainunua, vua kava kabla ya kucheza na usicheze simu ikiwa kwenye chaja, kwa maana kuchaji huongeza joto jingine ndani ya betri ambayo tayari imeelemewa.