Faiba ya mwani: ya barazani na ya kweli

Hii habari ya faiba, zile nyuzi za kupitisha mwanga, za kutengenezwa kwa mimea na mwani imefika mpaka barazani na kila mtu ana lake, wacha na mimi niseme langu.

Ati faiba ya mwani itatuletea intaneti ya bei rahisi. Hapana jamani. Faiba ya kioo, kama iliyo ndani ya zile kebo za baharini zinazotokea hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, inapoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita (desibeli ni kipimo cha mwanga unavyopungua njiani), yaani mwanga ukitoka mjini mpaka ufike Mtwapa bado nusu yake upo. Sasa chukua faiba ya selulosi, ile inayojenga miti na pamba, ya watafiti wa taasisi ya VTT kule Finland, waliyoitangaza 2020: hiyo inapoteza desibeli 6.3 kwa SENTIMITA. Upana wa kidole tu na mwanga uliobaki haufiki robo! Haitoki chumbani kwenda sebuleni, seuze Fujairah kule Emirates, inakofika TEAMS.

Wengine wanasema kioo si kitu cha asili. Ni silika, mchanga huo, ila haukuota popote na kuuvuta uwe uzi wataka joto la kama digrii 2000.

Linalonikera hasa ni hili, ati kwa vile faiba ya mimea inanyonya maji na kuoza basi haina maana. Hapo ndipo penye kazi yenyewe! Ile ya Finland kiini ni selulosi na ganda ni asetati ya selulosi, mwanga unakwenda kasi kidogo zaidi kwenye ganda kuliko kwenye kiini na ndio maana ukigonga ukingoni unarudi ndani hautoroki, sasa kiini kikinywa maji mwanga unabadilika, we uko upande wa pili unapima tu unajua pale pameingia unyevu. Kioo hakikunywei maji hivyo. Na wale wa chuo kikuu cha Unicamp, Brazil, wao wametumia agari inayotoka kwenye mwani, ndiyo ile chaina grasi ya pudini ya Ramadhani, wanaichemsha wanaimimina kwenye kalibu yenye vijiti sita ndani, ikishaganda wanavichomoa, yabaki matundu sita ya hewa yamezunguka kiini na mwanga unapita katikati. Inalika! Wanachofikiria ni kuitia mwilini, daktari apeleke mwanga sehemu anayotaka kuona au kutibu, halafu iyeyuke yenyewe bila kurudi kupasuliwa.

Haya, na nyie mnaowaambia kina mama wa Kibuyuni wakae mkao wa kula, ngojeni kwanza. Mwani wanaolima kule Kwale unatoa karagini, ile inayotiwa kwenye dawa ya meno na vyakula ili viwe vizito. Agari inatoka kwenye mwani wa aina nyingine, kama grasilaria, na faiba yenyewe bado iko maabara. Mnunuzi wa karagini yupo leo, wauzieni huyo.