Chini ya milimita moja

Mgonjwa akifunguliwa bandeji asubuhi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, anayeshukuriwa ni daktari mpasuaji. Ni haki yake. Mimi nakuwa chumba cha pili na mashine yangu, na hakuna anayenikumbuka mpaka mambo yaende kombo. Kazi yangu hapa Moshi ni kupima jicho kabla halijaguswa, ili mpasuaji ajue aweke lenzi ya nguvu gani.

Wengi hawajui kwamba kuna suala la nguvu. Wanadhani lenzi ya bandia ni moja, kama betri ya tochi. La hasha. Lenzi iliyochafuka inatolewa, ya plastiki inawekwa mahali pake, na hiyo ya plastiki ina namba yake ya dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi: 18, 20.5, 22 na kadhalika. Ikishakaa ndani, huivui kama miwani. Harold Ridley, aliyefungua njia hii London tarehe 29 Novemba 1949, alifanikiwa kwenye upasuaji lakini nguvu ya lenzi ikamponyoka: mgonjwa wake alibaki na uoni wa karibu tu, akihitaji miwani ya zaidi ya dayopta 10 ili aone mbali.

Tunapima vitu viwili vikubwa: urefu wa jicho kutoka konea, kile kioo cha mbele, hadi retina, ule utando wa kule nyuma unaopokea taswira, na mkunjo wa konea yenyewe. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 23.5. Fomula ya zamani inayoitwa SRK ilikuwa rahisi kiasi kwamba unaweza kuikokotoa kwenye karatasi: chukua namba ya aina ya lenzi, toa urefu mara 2.5, toa mkunjo mara 0.9. Siku hizi kompyuta inatumia fomula bora zaidi, kama SRK/T ya mwaka 1990 au ile ya Barrett, lakini ile ya zamani bado inaonyesha vizuri mzigo uko wapi. Ukikosea urefu kwa milimita moja, mgonjwa wa jicho la kawaida atakosa shabaha kwa karibu dayopta mbili na nusu. Jicho likiwa fupi, hasara ni kubwa zaidi.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilimpima mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka upande wa Machame. Foleni ilikuwa ndefu, mkono umechoka. Wiki kadhaa baadaye akarudi kliniki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanisogelea mpaka pua zetu karibu zigusane, ndipo akasema, "Kumbe ni wewe, mwanangu." Alikuwa anasoma Biblia bila miwani, jambo lililoifurahisha familia nzima. Lakini mtu akiingia kihambani, shambani kwake, hakumjua mpaka atoe sauti. Tulipompima upya alikuwa na hasi mbili, yaani alikosa shabaha kwa dayopta mbili upande wa kuona karibu. Maana yake ni kwamba anaona vizuri umbali wa nusu mita, zaidi ya hapo ni ukungu. Nilipofungua faili, urefu niliouandika ulikuwa mfupi kwa milimita 0.8 kuliko ule wa jicho lake la pili. Namba zote mbili zilikuwa kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikuziona.

Nilikuwa nimebonyeza. Mashine ya ultrasaundi ina kifaa kama kalamu, unakigusisha kwenye konea iliyotiwa dawa ya ganzi, kinatuma sauti na kusikiliza mwangwi. Konea si kioo cha dirisha. Ukiisukuma kidogo tu inaingia ndani, kama parachichi lililoiva unapolijaribu kwa kidole sokoni. Jicho linasomeka fupi, fomula inadai lenzi kali zaidi, taswira inaangukia mbele ya retina, na mgonjwa anabaki haoni mbali. Angalia kwamba kosa hili halielekei pande zote: kubonyeza hakurefushi jicho hata siku moja. Kwa hiyo kituo ambacho wagonjwa wake wengi wanatoka na hasi ambayo haikukusudiwa, mimi ningeanza kwa kuangalia mkono wa mpimaji.

Dawa yake ipo, na si ghali. Kuna kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa juu ya weupe wa jicho, kinajazwa maji ya chumvi, na kalamu inaelea ndani ya maji bila kuigusa konea. Inachukua dakika chache zaidi na mgonjwa lazima alale chali. Nimeisikia hoja ya kwamba "foleni hairuhusu" mara nyingi, na niliwahi kuitoa mimi mwenyewe.

Msomaji mmoja ameniuliza kwa nini tusitumie mashine za mwanga, kama IOLMaster iliyotoka mwaka 1999, ambazo hazigusi jicho kabisa. Ni nzuri, na pale zinapoweza kusoma sina ubishi nazo. Lakini mwanga lazima upenye hadi kwenye retina na kurudi. Wagonjwa wengi wanaotufikia kutoka Simanjiro, Longido au milimani kwetu huku wanakuja mtoto wa jicho ameiva, mboni nyeupe kama maziwa. Mwanga unagonga ukuta. Sauti inapita.

Na sauti nayo ina hila zake. Mashine haipimi umbali, inapima muda, kisha inazidisha kwa kasi ambayo wewe umeichagua. Kwa jicho lenye lenzi yake, wastani ni mita 1,550 kwa sekunde. Kwa jicho lisilo na lenzi ni 1,532. Ukimpima mtu asiye na lenzi, ukasahau kurudisha mpangilio, yule anayefuata atapunguziwa karibu milimita 0.27 bila mtu kubonyeza chochote. Jicho lililowekewa mafuta ya silikoni baada ya upasuaji wa retina ni balaa zaidi, maana humo sauti inatambaa kwa kama mita 980. Ndiyo sababu tunauliza kwa kurudiarudia kama jicho limewahi kufanyiwa chochote, na tunaomba msituchoke.

Mkunjo wa konea nao unadai utaratibu. Lazima upimwe kwanza, kabla ya matone ya ganzi na kabla ya kugusa chochote, kwa sababu konea iliyokauka au kukwaruzwa inatoa namba za uongo. Kwa watu wa vumbi na jua kali kuna kile kinyama kinachotambaa kutoka pembeni ya jicho kuelekea mboni. Kinavuta konea na kuibadilisha umbo. Kikiwa kikubwa, afadhali kitolewe kwanza, jicho lipone, ndipo tupime. Mgonjwa hapendi kuambiwa arudi tena baadaye, hasa aliyelipa nauli kutoka mbali. Namwelewa.

Kanuni ninazojiwekea sasa: nachukua vipimo kumi, nafuta vile ambavyo chemba ya mbele, ile nafasi kati ya konea na lenzi, imesomeka nyembamba, maana hapo nilibonyeza. Macho mawili yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3, narudia. Urefu ukiwa chini ya 22 au juu ya 25, narudia, na ikiwezekana mwenzangu anapima bila kuona namba zangu. Halafu naangalia jina. Huku kwetu siku moja inaweza kuleta akina Mama Mushi watatu na Mama Massawe wawili, na karatasi zikibadilishana, hakuna fomula itakayokuokoa.

Kitu kingine ninachouliza ni kazi ya mtu. Fundi cherehani anayeshinda kwenye baraza ya duka pale mjini hahitaji shabaha ileile na dereva wa daladala. Mpasuaji anaweza kulenga, ila alenge kutoka kwenye namba ya kweli.

Yule mzee tulimfanyia jicho la pili, mara hii kwa kikombe cha maji, tukalenga aone mbali. Ikatokea kwamba jicho moja ni la Biblia na jingine ni la njia. Tofauti ya dayopta mbili inawapa wengine kizunguzungu; yeye aliizoea ndani ya mwezi. Ila akitazama mbali bado anafumba jicho la kulia, lile nililolikosea, ingawa nimemweleza mara tatu kwamba haina haja.