Bahasha ya posta si hakimiliki

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye makundi ya waandishi: ukimaliza tamthilia au muswada wa filamu, jitumie kwa posta, usiifungue bahasha, na muhuri wa tarehe ndio hakimiliki yako. Eti ndivyo wafanyavyo waandishi wa Marekani.

Sivyo. Tangu Januari 1, 1978, sheria ya Marekani hulinda kazi pale tu inapoandikwa, iwe kwenye karatasi au kompyuta. Bahasha haiongezi kitu. Tena mtu anaweza kuituma ikiwa wazi, akaifunga miezi baadaye. Na kabla ya kushtaki aliyeiba kazi ya Kimarekani, kwa kawaida mwandishi hutakiwa kuisajili serikalini. Thibitisha mwenyewe: tovuti ya ofisi ya hakimiliki ya huko inasema wazi kuwa sheria haina kifungu chochote kuhusu bahasha hiyo.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu muhuri huonyesha tarehe kweli, na tarehe hufanana na ushahidi. Wengine hudhani hata wazo tupu hulindwa, kumbe kinacholindwa ni maandishi yenyewe.

Inaniuma kuona kijana mwenye kipaji akiitegemea bahasha. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.