Je, wajua kwa nini "chanya" ya Moshi si sawa na "chanya" ya Geita?

Homa imekupanda, umechomwa kidole, na baada ya dakika kama ishirini kipimo cha haraka kimetoa mistari miwili. Una malaria. Uyaamini majibu hayo kiasi gani? Inategemea pia uko wapi.

Kipimo chochote hupimwa kwa maswali mawili. Kati ya watu 100 wenye ugonjwa kweli, kinawakamata wangapi? Na kati ya 100 wasio nao, kinawaambia wangapi kuwa hawana? Ili kujua, majibu yake hulinganishwa na ya njia inayoaminika zaidi. Kwa malaria, ni darubini mbele ya mtaalamu mzoefu, au kusaka vinasaba vya vimelea.

Tuseme kipimo chetu kinapata 95 katika maswali yote mawili. Kizuri, sivyo? Basi tukilete Moshi. Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huu. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli ni 14 tu, asilimia 1.6.

Kwa kiwango hicho, wenye homa 1,000 wana malaria 16, na kipimo kitawakamata 15. Lakini kati ya 984 waliobaki, kitawabambikia malaria watu 49. Chanya 64, za kweli 15! Sasa kipeleke kanda ya ziwa, Geita kwa mfano, na tukadirie kuwa 400 kati ya 1,000 wanayo: chanya za kweli 380, za uongo 30. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa.

Geuza upande wa pili. Katika hesabu ya Moshi, hasi zitakuwa 936, na aliyekosewa ni mmoja tu. Ndiyo maana huniuma sana kumwona mtu ameambiwa hana malaria, kisha anapitia duka la dawa kununua dozi "kwa usalama". Katika utafiti ule, wengine walikutwa na leptospirosisi, homa ya Q na bruselosi, magonjwa yatokayo kwa wanyama, na dawa ya malaria haiyagusi. Ukipata hasi, mweleze daktari kama unafuga mbuzi, kama umesaidia ng'ombe kuzaa, kama nyumbani mnakunywa maziwa bila kuyachemsha.