Kutafuta Ukoo wa Ayalandi: Kitongoji Kwanza, Makaratasi Baadaye

Mtu akinijia na jina la babu wa babu aliyetoka Ayalandi, swali langu la kwanza si alizaliwa mwaka gani. Namuuliza alitoka kitongoji gani. Kisiwa kile kimegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vyenye familia chache tu, na karibu kumbukumbu zote za watu wa kawaida zimepangwa kwa mahali. Ukijua kaunti peke yake bado hujafika popote: kina Patrick Ryan wa Tipperary walikuwa wengi kiasi kwamba majirani wenyewe walilazimika kuwapa lakabu ili kuwatofautisha. Ukijua kitongoji, anabaki Patrick Ryan mmoja au wawili, na hao unaweza kuwatenganisha.

Ndiyo maana kazi hii huanzia kwa wazee. Kompyuta isubiri.

Cha kuwauliza jamaa

Usimuulize shangazi tarehe. Tarehe ndizo huanza kupotea, na akibanwa atakupa mwaka wa kubahatisha utakaokupoteza miezi. Muulize barua zilitoka wapi na nani alikuwa akiziandika. Babu alipofika Boston au Liverpool alipokewa na nani? Nani alibaki na shamba? Walikwenda soko gani, wakasali kanisa gani? Nani walisimamia ubatizo wa watoto? Na majirani waliiitaje familia ile?

Swali hili la mwisho watu hulidharau. Tipperary, Kerry na magharibi mwa Cork, ambako jina moja la ukoo huweza kuenea kijiji kizima, kila tawi lilikuwa na lakabu yake, na makarani wa ardhi waliziandika. Pasipo na lakabu waliandika jina la baba kwenye mabano: Patrick Ryan, kisha Mick, yaani Patrick mwana wa Mick. Lakabu ambayo bibi anaitaja kwa kicheko yaweza kuwa ndiyo itakayokutenganishia familia mbili zilizo ukurasa mmoja.

Rekodi mazungumzo kwa simu, na jina la mahali uliandike kama linavyotamkwa, usilinyooshe. Majina mengi ni ya Kiayalandi, yaliandikwa na wapima ardhi kwa masikio ya Kiingereza, kisha yakapita midomo ya vizazi vitatu ng'ambo. Tovuti ya logainm.ie hutafuta jina kwa lugha zote mbili, na townlands.ie inaonyesha mipaka kwenye ramani. Omba pia jina la kitongoji jirani, mto au kanisa, kwa sababu jina kama Kilmore lipo katika kaunti nyingi.

Yapo masimulizi ya kuchuja. "Sisi ni watu wa Cork" mara nyingi humaanisha tu kwamba meli iliondokea Queenstown, bandari ambayo leo inaitwa Cobh. Abiria walitoka kila pembe ya kusini na magharibi. "Jina letu lilibadilishwa Ellis Island" si kweli: orodha za abiria ziliandikwa bandari ya kuondokea, na maofisa wa kituo hicho cha wahamiaji cha New York walizikagua tu. Herufi O na neno Mac mbele ya majina viliachwa na familia zenyewe, mara nyingi kabla ya kusafiri, na baadhi ya watoto wakavirudisha baadaye. Kwa hiyo tafuta Sullivan na O'Sullivan, Reilly na O'Reilly, bila kuamini kwamba moja ndilo "sahihi". Na usiitafute Queen's County kwenye ramani ya leo: sasa ni Laois, kama vile King's County ilivyo Offaly.

Kama jamaa wote wenye kumbukumbu wameshafariki, kuna mahali pengine pa kusikiliza. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Ngano za Ayalandi iliwatuma watoto wa shule za msingi katika kaunti 26 za jamhuri ya leo kuwahoji wazee wao: njaa kuu ya miaka ya 1840, visima, laana, mashamba, familia zilizohama. Madaftari hayo yako duchas.ie bila malipo. Tafuta kwa shule iliyo karibu na kitongoji chako, usitafute kwa jina la ukoo tu.

Upande wa ng'ambo kwanza

Kabla hujagusa kumbukumbu za Ayalandi, maliza za nchi alikohamia, maana huko ndiko jina la kitongoji huwa limejificha. Orodha za meli za Marekani za karne ya 19 kwa kawaida husema "Ireland" na kunyamaza. Vyanzo bora ni jiwe la kaburi, tanzia ya gazeti, daftari la ndoa la kanisa Katoliki na, kuanzia 1906, fomu za kuomba uraia wa Marekani. Gazeti la The Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya kutafuta ndugu waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921, mengi yakitaja kaunti, parokia na hata kitongoji. Chuo cha Boston College kimeyaweka mtandaoni. Soma matangazo ya watu wa jina lako hata kama si wako. Yanaonyesha jina hilo lilikuwa limejikita wapi.

Kurudi nyuma: sensa, vyeti, parokia

Sensa za 1901 na 1911 zinapatikana bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Ya 1911 ina hazina moja: mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameishi kwenye ndoa miaka mingapi, amezaa watoto hai wangapi, na wangapi bado wapo. Ukiona saba wamezaliwa na watano wapo, unajua kuna vifo viwili vya kutafuta. Usiishie kwenye fomu ya familia. Fungua pia fomu B1 ya kitongoji kizima, inayoeleza kuta, paa, vyumba na madirisha ya mbele ya kila nyumba, na jina la mwenye ardhi. Mahali pa kuzaliwa waliandika kaunti tu.

Umri ni wa kutilia shaka. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofika miaka 70, na wengi waliokuwa na 56 mwaka 1901 wakawa na 70 mwaka 1911. Wengine hawakudanganya, hawakuwahi kuujua umri wao hadi ofisa wa pensheni alipowatafutia katika sensa za 1841 na 1851. Fomu za utafutaji huo zimebaki, ingawa sehemu kubwa ya sensa zenyewe iliteketea, na zinaweza kukutajia wazazi na kitongoji.

Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa na serikali Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote, Januari 1864. IrishGenealogy.ie inaonyesha picha za kurasa bila malipo: vizazi vikishapita miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Kwa kaunti sita za kaskazini, zilizobaki chini ya Uingereza, mambo ya baada ya 1922 yako ofisi ya usajili ya Belfast, nako utalipia. Kabla ya kutafuta, jua wilaya ya usajili ya kitongoji chako. Wilaya hizo zilifuata maeneo ya nyumba za maskini, si kaunti, hivyo mtu wa mpakani anaweza kuandikwa chini ya mji wa kaunti ya pili.

Cheti cha kuzaliwa hutaja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Cha ndoa hutaja baba wa pande zote mbili na kazi zao, lakini mama hawatajwi. Cha kifo hakitaji wazazi, ila kinataja aliyetoa taarifa, ambaye mara nyingi ni binti aliyeolewa mwenye jina usilolijua, mfuate huyo. Na usishangae ubatizo ukitangulia tarehe ya kuzaliwa. Waliochelewa kusajili walitozwa faini, basi wakasogeza tarehe mbele. Wakatoliki walibatiza siku chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo mimi huamini daftari la padri.

Madaftari hayo ya Kikatoliki, ya parokia zaidi ya 1,000 na hadi karibu 1880, yako registers.nli.ie ya Maktaba ya Taifa. Ni picha tupu zisizo na faharasa. Faharasa zipo kwenye tovuti za Ancestry na Findmypast, lakini zimejaa makosa ya kusoma, kwa hiyo kila mara fungua picha yenyewe. Parokia za mijini hurudi hadi karne ya 18. Za magharibi nyingi huanza miaka ya 1830 au 1840, na hapo hakuna ujanja. Mara nyingi utakuta Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Honora ni Nora. Hata kwa Kiingereza jina hugeuka: Bridget anaweza kuwa Delia, Jeremiah akawa Darby, Owen akawa Eugene, Cornelius akawa Connor. Ukikuta Bridget ametoweka na Delia ametokea, usiandike watu wawili.

Ndoa ilifungwa kwa kawaida parokia ya bibi harusi, na mtoto wa kwanza mara nyingi alibatizwa kwao mama. Ukikosa ndoa kwa mume, hamia kwa mke. Angalia Januari na Februari kwa makini: kwenye Kwaresima hapakuwa na harusi, basi watu waliwahi kabla ya Jumatano ya Majivu. Majina ya watoto husaidia pia: mwana wa kwanza aliitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Ni desturi, haikuwa sheria. Itumie kupata dhana, isiwe ushahidi.

Ardhi

Uthamini wa Griffith, yaani tathmini ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, ndio unaoziba pengo la sensa zilizopotea. Uko askaboutireland.ie pamoja na ramani. Unaorodhesha mpangaji, aliyempangisha, aina ya mali, ukubwa na thamani. Wapangaji wa ndani, vibarua waliolala kwa tajiri na watu wazima waliokaa kwa wazazi hawamo. Kutokuwemo hakumaanishi hawakuwepo.

Baada ya Griffith walikuja wakaguzi kila baada ya muda, wakikata jina na kuandika jipya kwa wino wa rangi tofauti, na mwaka wa badiliko pembeni kwa rangi hiyohiyo. Vitabu hivi vya marekebisho navipenda kuliko kumbukumbu nyingine yoyote: jina la mjane likichukua nafasi ya mume, tafuta kifo miaka michache nyuma, likija jina geni, huenda familia imehama. Vya kaskazini viko mtandaoni kwa PRONI, hifadhi ya Belfast. Vya jamhuri viko Dublin chini ya Tailte Éireann, mamlaka ya ardhi ya serikali.

Kabla ya Griffith kuna vitabu vya fungu la kumi, malipo ya lazima kwa Kanisa la Ayalandi, 1823 hadi 1837. Hapo wengi hupotea kwa hesabu: ekari nyingi humo ni ekari za Kiayalandi, ambazo ni takribani 1.6 ya ekari ya kawaida. Shamba la ekari 10 likiwa 16 kwenye Griffith, halikukua.

Moto wa 1922, na Moneygall

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu katika Four Courts, majengo ya mahakama jijini Dublin, ililipuka. Ziliungua sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa vipande, wosia, na madaftari mengi ya Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 hazikuungua: serikali ilikwisha kuziharibu yenyewe. Madaftari ya Wakatoliki yalinusurika kwa sababu hayakuwahi kupelekwa huko.

Hata ya Kianglikana mengine yalibaki parokiani. Ndivyo ulivyopatikana ukoo wa Barack Obama upande wa mama. Falmouth Kearney, mhenga wake, mwana wa fundi viatu, aliondoka Moneygall, mpakani mwa Offaly na Tipperary, mwaka 1850; mwaka 2007 kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo akaithibitisha familia katika madaftari aliyokuwa nayo. Upande wa baba, Kogelo nchini Kenya, ukoo ulitunzwa kwa kusimuliwa. Upande wa Moneygall kwa daftari moja lililokaa nyumbani. Zingatia pia jina: Falmouth ni adimu. Angekuwa John, sidhani kama tungejua.

Familia za polisi na makarani hudai uangalifu wa ziada. Polisi hakuruhusiwa kufanya kazi kaunti alikozaliwa. Edel Quinn, aliyetumwa Nairobi mwaka 1936 kueneza Lejio ya Maria, chama cha Kikatoliki, na akafia huko 1944, alizaliwa kaunti ya Cork, lakini baba yake alikuwa mtu wa benki na familia ilihama mji hadi mji. Kwa watu kama hao mahali pa kuzaliwa mtoto si kwao.

Ukitaka uraia wa Ayalandi

Mwenye babu au bibi aliyezaliwa popote kisiwani, kaskazini ikiwemo, anaweza kuomba kuandikishwa katika Daftari la Wazaliwa wa Nje. Utahitaji vyeti kamili vya serikali vya kuzaliwa na vya ndoa kwa kila kizazi katika mnyororo huo; picha za IrishGenealogy zinakuonyesha pa kuagiza, lakini hazipokelewi kama cheti. Kama aliyezaliwa Ayalandi ni baba au mama wa babu yako, njia ipo tu iwapo mzazi wako aliandikishwa kabla wewe hujazaliwa, kwa hiyo mwenye haki hiyo na anayetarajia mtoto asingoje.