Mikve sio swimingi puli ya wakimbizi

Ile meseji ya "wakimbizi Wayahudi walichangiwa hela wakajengewa swimingi puli ya starehe" imerudi tena kwenye magrupu. Sio kweli jamani. Kinachosemwa hapo ni mikve, kidimbwi cha kujitakasa kidini, na kambini Föhrenwald kule Ujerumani, iliyofungwa 1957, Wayahudi manusura wa Vita ya Pili ya Dunia walikuwa nacho. Watu wanachanganya sababu picha inaonyesha ngazi na maji basi, lakini hapo haogelei mtu, unaoga kwanza na sabuni, unavua mpaka pete, ndo unazama mwili mzima na nywele zote. Ukitaka kuhakikisha soma Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, sehemu ya Mikvaot, maji ya mikve ni ya mvua au chemchemi, ya kujaza kwa ndoo hayafai. Ikikufikia usiifowadi, ifute tu.