Manyanga ya joropo si ya kumpa asiyejua kupiga

Nimeulizwa tena, "kwenye bendi unapiga nini? Aah, manyanga tu." Hiyo "tu" imenichosha bana. Watu wakitaka kupiga muziki wa joropo, kinubi kinapata mwenyewe, cuatro, kile kigitaa cha nyuzi nne, inapata mwenyewe, alafu maracas, ndo hizo manyanga, anapewa yule mshikaji asiyejua chochote, ati atikise tu. Wimbo ukiyumba wanamlaumu mpiga besi.

Joropo ni ya Llanos, zile mbuga za wachunga ng'ombe huko Venezuela na Colombia, na hamna dramu mle. Mdundo wamegawana: besi na nyuzi nene za kinubi zinashika mapigo matatu, cuatro inachapa na kuziba nyuzi, maracas zinamwaga sita ndogondogo bila kupumzika, matatu na sita kwa wakati mmoja. Sasa ukitikisa kama unasuuza chupa, mbegu zinatawanyika, kila moja inafika kwa muda wake, unapata chwaaa isiyo na makali. Mkono lazima usimame ghafla mbegu zote zigonge pamoja, TAK! Alafu ukitaka escobillao unazizungusha mle ndani ya kibuyu zikwaruze mfululizo, na ile tak isipotee. Na maracas hizo mbili hazilingani sauti, moja nzito moja nyembamba, kwahiyo mkono upi unaanza si suala dogo hata kidogo. Kuna solo za maracas kabisa, watu wanashindana.

Golpe, yaani aina za joropo, ni nyingi, pajarillo, quirpa, gaván, leo siziingii. Ila kuna za por corrido na za por derecho, mkazo umehamishwa, na hapo ndo vitabu vinajifanya vimemaliza. Nimeona nota za golpe ileile kutoka kwa walimu wawili, mstari wa kugawa mapigo kila mtu kauweka kwake. Mi mwenyewe kwenye pajarillo sina hakika "moja", lile pigo la kwanza, iko wapi, nasikiliza cuatro inaziba wapi naenda nayo.

Zile nyimbo za Llanos za kuswaga na kukamua ng'ombe, ambazo UNESCO iliziingiza 2017 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, zinaimbwa kwa sauti tupu bila ala, msinichanganyie na joropo.

Kwenye kucheza ndo utaona. Mwanamke anafagia kwa nyayo, mwanaume akianza zapateo anagonga sakafu kwa cotizas, yaani ndala zao, hizo tayari ni ala nyingine, na mimi nikichelewa kidogo anayeumbuka mbele za watu ni yeye. Kwahiyo mkinialika, msiniombe niitikie na kiitikio ati nisikae bure.